Waimbaji wa Chumbani kwa Mjomba Hemedi

Juzi nilisimamisha gari Nangurukuru, nyuma ya mashine ya kusaga, kwa ajili ya haja ndogo tu. Mashine ilikuwa inanguruma, na upepo ukanipiga usoni na harufu ya pumba za mahindi, zile za moto ambazo ndiyo kwanza zinatoka. Mtu mzima, mwenye maghala yangu mawili ya ufuta na malori yanayokwenda Dar na kurudi, nikashika mlango wa gari nikasimama kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Dereva akachungulia. "Bosi, vipi, presha?" Nikamwambia tia gia twende. Watu hawanijui mimi kwa kusimamasimama.

Wenzangu wa rika langu, hasa nyinyi mliokulia huku kusini, mtanielewa. Kwa watoto wetu pumba ni chakula cha kuku na nguruwe, basi. Sisi tulifundishwa kwamba kuna mwingine anayekula pumba. Mtu anafariki, anaoshwa, anazikwa, matanga yanakwisha, kumbe hakufa. Kachukuliwa. Anafichwa mahali, analimishwa shamba la aliyemchukua, na ulimi wake umekatwa ili asiweze kutaja jina. Huyo ndiye msukule, na chakula chake ni pumba. Kwa hiyo ukimwona mtu asiyefuga hata kuku mmoja anaingiza gunia la pumba chumbani kwake na kufunga mlango, wewe mtoto wa Tingi, kijijini kwetu, huhitaji kuelezwa zaidi.

Na mimi nilimwona. Nilikuwa nimekaa kizingitini kwetu namenya muhogo, na mjomba wangu Hemedi akapita mbele yangu na gunia begani, vumbi la pumba limemganda shingoni, akaniambia, "Mpwa, nifungulie mlango." Nikamfungulia.

Niseme kwanza tulikuwa nani. Baba alishaoa Mtwara na kukaa hukohuko. Nyumbani alibaki mama, na mimi ambaye nilikuwa bado sijaingia jandoni, na dada yangu Zuhura ambaye alikuwa ameshachezwa ngoma yake ya unyago na alikuwa na mchumba. Zuhura alikufa masika. Homa, kichwa, akaacha kutambua watu, akafa. Sitaandika zaidi ya hapo. Nitasema tu kwamba alikuwa mwimbaji. Akitwanga anaimba, akichota maji anaimba, na mwisho wa kila mstari sauti yake ilikuwa inapanda juu kidogo halafu anaimeza, kama mtu aliyekunywa uji wa moto. Mama alikuwa akimwambia, "Malizia basi, unatuacha hewani." Hakumalizia hata siku moja.

Arobaini ilipokwisha ndipo mjomba akaja. Alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja. Alikuwa Dar miaka mingi, akipiga kinanda katika bendi moja ambayo ilivunjika, kwa sababu ilikuwa miaka ya ruksa na kila kitu cha zamani kilikuwa kinavunjika. Mnaikumbuka hali. Tulikuwa tumetoka kuogea majani ya mpapai, ghafla dukani kuna sabuni za rangi, kuna khanga za doti, kuna betri, kuna redio kutoka Dubai zenye taa nyekundu na kijani zinazochezacheza. Ukumbi uliokuwa ukiita bendi sasa uliweka disko. Mjomba akarudi Tingi na begi moja la nguo, redio kaseti mbili kubwa, na kinanda kidogo cha betri chenye vidude vya kubonyeza, ukibonyeza kimoja kinapiga ngoma chenyewe bila mtu.

Mama akampa chumba cha Zuhura.

Sisi huku hesabu ya ukoo ni ya upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye watoto, baba ni mgeni tu. Mjomba anakuoza, anakutia jandoni, analipa ukivunja cha mtu. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mtoto akifa bila kueleweka, macho ya kwanza humtazama mjomba. Hakuna anayesema. Macho tu. Na huyu alikuwa ameingia kijijini kaburi halijaota majani, kalala kwenye kitanda cha marehemu, na sasa ana gunia la pumba.

Kulikuwa na jambo lingine lililonitia shaka kuliko pumba. Mjomba alikuwa akijifungia mle ndani mchana kutwa, na dirisha ameliziba kwa magunia na godoro la usumba. Ukisimama nje ya ukuta unamsikia anaimba peke yake. Si wimbo kamili. Anaimba kipande, ananyamaza. Anakirudia kipande kilekile. Anapiga makofi. Anagonga ndoo. Baadaye anaimba "aaa, aaa" bila neno hata moja, kama mtu anayejibu mwenzake. Halafu anacheka. Mtu mmoja, chumbani, mlango umefungwa, anacheka.

Mama naye alisikia. Siku moja mjomba alipotoka kula akamuuliza, na mimi nilikuwepo.

"Hemedi, humo ndani uko na nani?"

"Niko na mimi, dada."

"Na unacheka na nani?"

"Nacheka na mimi wa jana," akasema mjomba, akamega ugali. Alifikiri amesema jambo zuri.

Mama hakucheka. Kuanzia siku ile akawa anampakulia sahani yake mbali. Hatukuwa tunakula sahani mbalimbali kwetu. Niliona, na mjomba aliona.

Haya. Baada ya siku nyingi mjomba akatoka chumbani na kanda. Akaipeleka hoteli ya Ali Kipara, pale barabarani mabasi yanaposimama, ambapo Ali alikuwa na redio na spika mbili amezitundika juu ya sufuria ya supu. Ali alikuwa mtu wa midomo, anajua habari ya kila nyumba. Akatia kanda. Sikufichi, mimi leo nasikiliza muziki kwenye gari yenye spika ambazo fundi alizifuata Dar, lakini sijapata tena kusikia kitu kikanipiga kama kile. Ngoma inalia kama matone ya mvua kwenye bati, kinanda kinapita juu yake, halafu mjomba anaimba:

*Maduka yamejaa, wewe hupo.*
*Sabuni imerudi, wewe hupo.*

Na nyuma yake watu. Watu wengi. Wanapiga makofi, wanaitikia "aaa, aaa" kutoka mbali, kama wako upande wa pili wa ukuta, au chini. Kuna mvumo fulani juu ya sauti zao, mvumo kama wa mchanga unaomwagika. Na katikati yao msichana mmoja, anaimba "wewe hupo", sauti inapanda, na mwishoni anaimeza.

Mara ya kwanza watu walicheza tu. Utingo wa basi la Lindi alicheza mpaka basi likamwacha akalikimbilia. Wanawake wa mihogo walishika viuno. "Rudisha, Kipara, rudisha." Ikarudishwa hadi mchana ukaisha. Kijiji chetu kilikuwa kinasikiliza Wakongo na Wahindi. Leo kinamsikiliza mtoto wa Tingi anaimba habari ya sabuni, na kila mtu alimfahamu.

Mashaka yalianza kesho yake, kwenye kahawa. Walikaa wanaume pale kwenye benchi la Ali, na mimi nilikuwa naokota korosho nyuma, chini ya mti, masikio yote kwao.

"Wimbo mzuri," mmoja alisema. "Lakini nauliza. Hao wengine ni nani?"

"Wengine wapi?"

"Wanaoitikia. Hemedi kaingia chumbani peke yake, sote tumeona. Wametoka watu kumi na zaidi."

"Labda karekodi Dar, kaja nayo."

"Dar ipi? Ukisikiliza katikati utamsikia jogoo wa Mzee Mfaume. Yule anayewika kama ana mafua."

Ali akarudisha kanda. Wakasikiliza. Jogoo yumo.

Halafu mwingine akasema taratibu, "Mwenzenu aliuziwa gunia la pumba pale mashineni. Nilikuwepo. Nikamuuliza, Hemedi, umeanza kufuga? Akacheka."

"Acha maneno yako. Msukule hana ulimi. Ataimbaje?"

"Na wewe umesikia wanaimba neno? Wanaimba nini? Si 'aaa' tu?"

Hapo benchi zima liliacha kunywa. Mimi niliacha kuokota. Nilikaa chini na kikapu changu, na kichwani mwangu mambo yote yakaingia mahali pake, moja baada ya jingine: dirisha lililozibwa, kicheko, pumba, "aaa". Nilikuwa mtoto mwenye akili, nasema wazi, hesabu zangu hazikuwa za shule lakini zilikuwa zinafungana. Zuhura yumo mle ndani. Ndiyo maana mjomba alitaka chumba kile.

Msidhani niliogopa. Nilifurahi. Watu wazima walikuwa wanaogopa kwa sababu wao walikuwa wanafikiria uchawi. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba dada yangu hakufa. Kama yumo, atatoka. Nilianza kuiba vipande vya muhogo wa kuchemsha, nikiona mlango wa mjomba uko wazi na mwenyewe yuko kisimani, naingia, naweka muhogo chini ya kitanda. Sikutaka ale pumba. Muhogo ulikuwa ukipotea. Leo najua ni panya. Lakini wakati ule, kila nilipokuta hakuna, nilitoka chumbani nimejaa kifua.

Aliyetaja jina alikuwa Bi Tatu. Huyu ndiye aliyekuwa kungwi wa pale kwetu, ndiye aliyewacheza wasichana wote wa upande wetu, aliyekaa nao ndani akiwafundisha nyimbo zile ambazo sisi wanaume hatuzijui. Kungwi anamjua mwali wake kwa sauti kama wewe unavyomjua mwanao kwa mwendo. Alifika hotelini kwa Ali kununua chumvi, kanda ikiwa inalia, akasimama. Akaweka kikapu chini. Wimbo ulipokwisha alimwambia Ali arudishe, akasikiliza tena akiwa amefumba macho. Kisha akaja kwetu moja kwa moja, mama alikuwa anapepeta mtama uani.

"Shikamoo, Bi Tatu," mama akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekwenda kusikiliza wimbo wa nduguyo?"

"Nausikia kutoka hapa."

"Kutoka hapa husikii. Nenda karibu." Halafu akasema, "Zuhura nilimfundisha mimi. Nilimkemea mimi, usimeze mwisho wa wimbo. Nenda kasikilize, halafu uniambie wewe."

Mama alikwenda. Alikaa nje ya ua wa makuti wa hoteli, upande wa barabara, asionekane na wanaume. Alirudi kesho yake na keshokutwa yake. Kila alasiri, kazi zikiisha, mama anajifunga khanga mbili anakwenda kukaa kwenye ua wa Ali Kipara. Mimi nilikuwa nakaa naye. Hakulia. Alikuwa akisikiliza kwa kukunja uso, kama mtu anayejaribu kutambua sarafu kama ni bandia, na wimbo ulipofika pale msichana anapomeza sauti, mkono wake ulikuwa unashika kisogo changu.

"Mama, ni Zuhura?"

"Nyamaza."

"Mama, tumtoe."

"Nimekwambia nyamaza."

Na Ali alikuwa anajua kwamba mama yuko nyuma ya ua. Akawa anaongeza sauti.

Hapa nataka niseme kitu ambacho nimekifikiria miaka yote. Mjomba alisikia maneno ya watu. Haiwezekani asisikie, Tingi si mji. Watoto walikuwa wanakimbia akipita. Muuza kahawa alikuwa anampa kikombe kisha anakivunja. Na mjomba alifanya nini? Alirudi chumbani akatengeneza wimbo mwingine, na kwenye wimbo ule wa pili msichana yule aliimba zaidi kuliko wa kwanza. Watu walikuwa wanatoka mpaka Kilwa Masoko kwa baiskeli kuja kusikiliza. Wanasikiliza wanatetemeka, wanasoma aya, wanaomba irudishwe. Mimi ni mfanyabiashara. Mkulima kutoka Likawage hadi Tingi ukimuuliza tajiri gani hadanganyiki kwenye mizani, atanitaja mimi, na siri yangu ni hii: nikiona mtu ananufaika na kosa asilolisahihisha, siamini kwamba halijui. Mjomba alijua. Hakuanzisha yeye, hilo nakubali. Lakini hajawahi maishani mwake kusikilizwa vile, na aliacha liende.

Lilikwenda mpaka likafika kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mfaume, yule mwenye jogoo. Vijana walikuwa wameshaanza kusema kwamba chumba kichomwe, na mwenyewe akiwa ndani. Mzee Mfaume akawatuliza kwa kuahidi kikao. Ijumaa, baada ya sala, uwanjani kwake, watu wote. Mjomba aje na vyombo vyake. Mama wa mtoto aje. "Na atakayekuja na kiberiti," akasema, "aanze na mimi kwanza."

Uwanja ulijaa. Wanaume mbele wakiwa bado na kanzu, wanawake nyuma kwenye mikeka. Mama alikaa katikati, Bi Tatu pembeni yake. Mimi nilikuwa miguuni kwa mama na nilikuwa nimevaa shati langu la Idi, kwa sababu niliamini leo Zuhura anatoka.

Mzee Mfaume akaanza bila kuzunguka. "Hemedi, wewe ni mwenzetu. Umezaliwa hapa. Watu wana hofu na wimbo wako. Wanauliza waimbaji wako ni nani, na wanakula nini."

"Waimbaji ni mimi, mzee."

"Wote?"

"Wote. Na pumba nimezibia dirisha, kuzuia kelele za mashine ya kusaga. Kelele hizo zinaingia kwenye wimbo."

Mtu akacheka nyuma, kicheko kibaya. "Msichana naye ni wewe?"

"Naye ni mimi."

"Basi tunakuomba uwe msichana hapa hapa, tukuone."

Watu wakacheka zaidi, na mjomba naye akatabasamu, na mama akamtazama kwa namna ambayo lile tabasamu likafa.

Mjomba akaketi kwenye kigoda, redio zake mbili mbele yake. Akafungua kitambaa akatoa betri zilizochoka, zile ambazo mtu wa kawaida angezitupa, akazitia kwenye redio moja. Akabonyeza vidude viwili vya kurekodi kwa pamoja, kanda ikaanza kuzunguka kwa uvivu. Akaimba. "Maduka yamejaa, wewe hupo." Sauti yake ileile ya kiume, nzito, anaimba polepole mno, na mwisho wa kila mstari akaipandisha na kuimeza. Akazima. Akarudisha kanda nyuma. Akatoa betri zile, akafungua karatasi, akatia mpya kabisa.

"Betri zikichoka kanda inatembea polepole," akasema. "Unaimba nayo polepole. Ukitia mpya inakimbia, na wewe unakimbia nayo. Sikilizeni."

Akabonyeza.

Akatoka Zuhura. Mchana, jua la Ijumaa, mbele ya kijiji kizima, msichana akaimba kutoka kwenye redio ambayo tulikuwa tumemwona mwanamume anaiimbia. Wanawake wakashika vinywa. Mjomba hakungoja. Akaiweka redio hiyo mdomo kwa mdomo na ile nyingine, hii inaimba na ile inarekodi, na yeye akaitikia "aaa" juu yake, akabadilisha kanda, akaitikia tena, akapiga makofi, na kila alipoiachia kanda tulisikia umati unakua, na wale wa mwanzo wanazidi kwenda mbali, na ule mvumo wa mchanga unaongezeka. Mwishoni walikuwa wote, wale waimbaji wa chumbani, na pale kwenye kigoda alikuwa amekaa mtu mmoja anatoka jasho.

Mnafikiri watu waliridhika? Kidogo. Wengine walianza kucheka kwa aibu, Ali Kipara akasema alijua tangu zamani. Lakini yule wa nyuma hakuacha. "Mtu anayeweza kugeuza sauti yake ikawa ya mtoto wetu, tena mbele yetu, sisi tumwamini nini? Kwa nini awe yeye? Wasichana wamejaa, kwa nini ajigeuze aliyekufa?"

Minong'ono ikarudi. Mzee Mfaume akainua mkono.

"Mimi sijui mambo ya betri," akasema. "Mwenye mtoto yupo. Akisema ni mwanawe, Hemedi tutamshughulikia. Akisema siye, neno hili limekwisha leo na atakayelirudia atanijua. Mama Zuhura, umesikia. Ni mwanao au siye?"

Mimi nikamvuta mama khanga. Nilitaka aseme ndiye. Nilikuwa naelewa vizuri kwamba akisema ndiye, mjomba atapigwa, pengine atauawa, na sikujali. Namwandika mtoto niliyekuwa.

Mama hakumjibu balozi. Alisema na ndugu yake.

"Rudisha zile zilizochoka."

Mjomba akatoa mpya, akatia kuukuu. Akabonyeza. Akaimba mwanamume, polepole, amechoka.

"Weka mpya."

Akaimba Zuhura.

"Zilizochoka."

Mjomba.

Alimfanyisha hivyo mpaka watu wakaanza kutazama chini, mpaka mikono ya mjomba ikawa inakosea vishimo vya betri. Bi Tatu akanong'ona, "Mwanangu, basi." Mama akaendelea kumtazama ndugu yake.

"Mama yetu ndiye aliyekuwa anameza mwisho," akasema hatimaye, bado kwa mjomba, si kwa kikao. "Wewe umechukua kwake. Zuhura naye kachukua kwake. Mimi tu ndiye sikuchukua." Kisha akamgeukia balozi. "Ni Hemedi, mzee. Ni Hemedi peke yake. Mwanangu yuko alikozikwa."

Hivyo ndivyo mama alivyomwokoa mjomba wangu, na ndivyo nilivyoambiwa kwamba dada yangu amekufa. Wakati wa kuzika sikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeona tu.

Watu wakatawanyika, vijana wakambebea mjomba vyombo vyake kama bwana harusi, na jioni ileile Ali Kipara akatuma mtu aulize kama kuna kanda mpya. Mama akamwambia hakuna. Tulipobaki sisi alimpakulia mjomba kwenye sahani yetu, tukala pamoja, na mama alipomaliza kunawa akamwambia, "Kesho basi la Lindi likipita, uondoke nalo."

"Dada, umesema mwenyewe ni mimi."

"Nimesema. Na ulisikia watu wanavyosema, na uliniona nimekaa kwenye ua wa Kipara, na hukuja kuniambia. Uliniacha nikae."

Mjomba akakunja kitambaa cha betri zake.

"Redio moja itabaki," mama akasema. "Na kanda ile ya uwanjani. Na betri."

Aliondoka. Mara ya mwisho nilisikia yuko Nampula, ng'ambo ya mpaka, ana familia, kisha sikusikia tena. Mimi mambo yangu yalininyookea, nikajenga Mtanda, mjini Lindi, nyumba ambayo wapita njia huuliza ya nani, na mama aliishi humo miaka yake ya mwisho bila kukosa kitu. Lakini hayo ni ya baadaye.

Ninayoyaona sasa ni ya wiki zile baada ya basi kuondoka. Alasiri, mama kamaliza kazi, redio iko juu ya kinu kilichogeuzwa. Betri mpya hazidumu. Kila siku Zuhura alishuka kidogo. Akawa msichana mkubwa, akawa mwanamke, akawa mwanamke mzito wa sauti mwenye mafua. Pesa ya betri nyingine haikuwepo. Mama akazitoa akazianika juani juu ya kipande cha bati, pamoja na mtama, akawa anazigeuza ili zipate joto pande zote, na zikipata moto anazirudisha. Hapo tulikuwa tunampata Zuhura mstari mmoja, pengine miwili, halafu anaanza kuteremka, polepole, sauti inapanuka na kuchoka, mpaka anayeimba ni mjomba Hemedi mtupu, maduka yamejaa, kama mtu anayesema usingizini.

Mimi sikumtaka huyo. Siku moja nikanyoosha mkono kwenye kidude cha kuzimia.

"Mama, zima. Sasa ameshakuwa mjomba."

Akaushika mkono wangu akauweka mapajani pake.

"Mwache amalize."